The Guard: Boyle alikufa ama aliogelea?

Tangu filamu The Guard ilipotoka mwaka 2011, watazamaji hawapatani juu ya Gerry Boyle, sajini wa polisi huko Connemara, magharibi mwa Irlande. Mpelelezi mweusi wa FBI, Wendell Everett, amekuja kufuatilia madawa ya kulevya. Boyle anamtupia maneno ya ubaguzi. Wamoja wanacheka: kwao anajifanya mjinga ili ampime mgeni. Wengine wanasema tusi ni tusi, hata likisemwa na Brendan Gleeson. Lakini polisi wakubwa wanakula rushwa ya wauza madawa, na huyu mlevi mwenye mdomo mchafu anaikataa.

Mwishoni mashua inalipuka. Boyle alijisifu kwamba alikuwa wa nne katika kuogelea, Olimpiki ya Seoul 1988. Everett hakuamini. Sasa anatabasamu.