Safari za Watu, Minara ya Simu na Malaria: Kutoka Ujiji hadi Visiwani

Kila simu ya mkononi inapopiga au kupokea, kampuni huandika saa na mnara uliopitisha mazungumzo hayo, kwa ajili ya hesabu za malipo. Majina na nambari zikishaondolewa, kumbukumbu hizo huweza kuonesha watu wangapi walitoka mkoa mmoja kwenda mwingine, na walikaa siku ngapi.

Itakumbukwa kuwa njia hiyo imekwishatumika Zanzibar. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulichambua kumbukumbu za wateja wa Zantel wapatao 770,000, za Oktoba hadi Disemba 2008. Ilibainika kuwa safari nyingi zilikuwa za Dar es Salaam na hazikuzidi siku tano. Hatari kubwa ya kuleta malaria visiwani ilitokana na wasafiri wachache waliokaa muda mrefu katika maeneo yenye maradhi hayo kwa wingi.

Mkoa wa Kigoma ni miongoni mwa maeneo hayo. Aliyelala wiki tatu Ujiji hufika Dar es Salaam kwa reli au barabara, na siku ya pili huweza kuwa Unguja akiwa na vimelea mwilini kabla ya homa kuanza.

Hata hivyo, minara haioni kila kitu. Mvuvi asiye na simu hahesabiwi. Anayevuka Ziwa Tanganyika kwenda Uvira au Bujumbura huingia katika mitandao ya nchi nyengine, na akibadilisha kadi ya simu, safari yake hukatika katika kumbukumbu. Aidha, kumbukumbu hizo ni siri za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeweka masharti ya kukusanya na kutumia taarifa za aina hiyo.

Kwa hivyo, takwimu za simu husaidia kupanga wapi pa kuelekeza nguvu, lakini haziwezi kumtambua mgonjwa. Kazi hiyo hubaki kwa mtumishi wa kituo cha afya na kwa mgonjwa mwenyewe. Watumishi wanakumbushwa kumuuliza kila mwenye homa alilala wapi katika wiki zilizopita. Nao wananchi wanaorudi kutoka Bara wanaombwa kulieleza jambo hilo bila ya kusubiri kuulizwa, na kupima damu mara tu homa inapoanza.