Muuguzi Mpya Asiachwe Peke Yake Usiku

Chuoni, mwanafunzi wa uuguzi hufundishwa kuhesabu matone ya dripu kwa saa ya mkononi. Lita moja ya maji ikitakiwa iishe kwa saa nane, kwa mpira unaotoa matone 20 kwa mililita, hesabu inakuja matone 42 kwa dakika, na mwalimu husimama pembeni kuhakikisha ni 42 kweli. Baada ya kuhitimu, kijana yuleyule anakabidhiwa wodi ya wagonjwa 30 usiku kucha, akiwa na mhudumu mmoja. Anakadiria matone kwa jicho, anasogea kitanda kinachofuata. Anajua hakufundishwa hivyo, na kujua huko kunamchosha kuliko kusimama.

Mtafiti wa uuguzi wa Marekani, Marlene Kramer, aliutolea mshtuko huu kitabu kizima mwaka 1974. Alieleza kwamba kwanza huwa kuna fungate, sare bado mpya na kazi yote inapendeza. Kisha mshtuko wenyewe. Halafu wanaovuka hupata nafuu na kutulia. Hapo kwenye mshtuko ndipo tunapowapoteza vijana wetu, wengine wakiwa bado wapo kazini.

Uchovu ninaouzungumzia si ule wa kulala ukaamka mzima. Shirika la Afya Duniani, katika orodha ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019, linauhesabu kuwa hali itokanayo na msongo wa muda mrefu kazini usioshughulikiwa, wala haliuiti ugonjwa. Una sura tatu, ambazo mwanasaikolojia Christina Maslach alizichambua miaka mingi kabla: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi, na kujiona hufanyi lolote la maana.

Sura ya pili husikika wakati wa kukabidhiana zamu. Mwezi wa kwanza muuguzi anaripoti, "Mama Asha hajapata mkojo tangu saa nne usiku, nimeshamjulisha daktari." Miezi michache baadaye anasema, "Namba saba, hali ni ileile." Hajawa katili. Ameacha kushika majina kwa sababu kila jina linamuuma.

Na kifo cha kwanza huchangia sana. Muuguzi mpya anamfumba macho marehemu, anamnyoosha, anamfunika shuka, anajaza fomu, anawakabili ndugu wanaolia koridoni. Dawa za saa sita zinamsubiri, naye anasukuma toroli kwenda kwa mgonjwa wa kitanda cha jirani, ambaye ameona kila kitu na anataka kuambiwa kwamba yeye atapona. Hakuna anayemuuliza kijana huyu yeye anaendeleaje.

Wakongwe kadhaa husema kizazi hiki kinadeka. Sikubaliani nao hata kidogo. Mwaka 2002, Linda Aiken na wenzake walichapisha utafiti wa hospitali 168 za Pennsylvania, ambako muuguzi mmoja alihudumia wastani wa wagonjwa kati ya wanne na wanane kutegemea hospitali. Kila mgonjwa mmoja aliyeongezeka kwa muuguzi aliendana na ongezeko la asilimia 23 la uwezekano wa muuguzi kuwa na uchovu huu, asilimia 15 la kutoridhika na kazi, na asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufariki ndani ya siku 30. Hapo tunazungumzia wanane. Aliyewahi kumlaza ndugu yake katika hospitali ya wilaya ajaze hesabu iliyobaki.

Kuridhika na kazi nako kusichanganywe na mshahara peke yake. Mshahara ni jambo kubwa, hasa kwa anayejitolea kwa posho ya nauli huku akisubiri ajira ya serikali. Lakini wapo wanaoipenda kazi hii kwa dhati na bado wamechoka kabisa, kwa sababu hawapati nafasi ya kuifanya vile wanavyojua inapaswa kufanywa.

Najua mfawidhi hawezi kujaza ikama kwa uamuzi wake. Ratiba ya zamu, hata hivyo, anaipanga yeye. Amweke mgeni na muuguzi mlezi, mzoefu, zamu moja, kwa miezi ya mwanzo, usiku ukiwemo. Mlezi huyo apunguziwe wagonjwa, la sivyo ulezi utabaki jina tu. Kabla ya kuachana asubuhi amuulize mwenzake ni kipi kilimtisha usiku huo, na jibu la "sikujua nifanye nini" lipokewe bila kumfokea, maana anayefokewa leo ataficha kosa la kipimo cha dawa kesho. Baada ya kifo wodini, wakae pamoja hata robo saa, mwingine ashike toroli.

Mgeni akianza kukosa usingizi hata siku za mapumziko, au kusema anatamani asiamke, hilo limemzidi mlezi. Apelekwe siku hiyohiyo kwa mtaalamu wa afya ya akili, na kwenye ratiba aandikwe mgonjwa, si mtoro.