Kuteremka Mlima Huumiza Kuliko Kuupanda

Askari apandaye mlima hutweta, lakini maumivu ya mapaja huyapata zaidi kwa kuteremka. Hapo msuli hukaza huku ukirefushwa na uzito wa mwili, na nyuzi zake ndogo huchanika. Maumivu huanza baada ya saa kadhaa, huzidi siku ya 2 au ya 3, kisha hupoa yenyewe.

Kinga yake ni kuanza na mteremko mfupi na kuongeza kidogo kidogo, kwani msuli uliokwisha kuzoea hauumii sana tena.

Nanyi wa nyumbani, mwonapo mapaja yake yamevimba sana, au mkojo umekuwa mweusi kama chai isiyo na maziwa, msimkande wala msingoje kesho. Mpelekeni hospitali mara moja, kwani figo zake zimo hatarini.