Onyo la Kivinjari Wakati wa Kupakua Faili: Lisomwe, Lisizimwe

Mwombaji wa ajira anayepakua fomu saa chache kabla ya muda wa mwisho wa kuwasilisha maombi huwa hana subira. Kivinjari kinapozuia faili hilo na kuonesha onyo, wengi hubofya popote ili onyo litoweke, au humwita anayejua kompyuta azime ulinzi wote. Shida ya siku hiyo huisha, lakini kompyuta hubaki bila mlinzi kwa siku zote zinazofuata.

Onyo hilo si hitilafu ya kompyuta wala ya mtandao. Vivinjari vinavyotumiwa na watu wengi vina huduma ya kukagua mafaili yanayopakuliwa. Chrome na Firefox hutegemea huduma ya Google iitwayo Safe Browsing, ilhali Edge hutumia SmartScreen ya Microsoft. Huduma hizo huangalia iwapo tovuti au faili lenyewe limekwisha kutambuliwa kuwa na programu hasidi, yaani programu iliyoundwa kuiba taarifa, kuharibu kompyuta au kufunga mafaili ili mwenyewe atoe fedha ndipo afunguliwe.

Hata hivyo, maonyo hayana uzito sawa. Mwezi Julai mwaka 2024, Google ilitangaza mpangilio mpya wa maonyo ya Chrome unaotenganisha faili la kutiliwa shaka na faili la hatari, kwa alama, rangi na maelezo tofauti. Faili la hatari ni lile ambalo mfumo una uhakika mkubwa kuwa lina madhara. Hilo halipaswi kufunguliwa, bali lifutwe. Faili la kutiliwa shaka ni lile ambalo mfumo haujalijua vya kutosha. Programu halali inaweza kuingia katika kundi hili kwa kuwa ni mpya, imepakuliwa na watu wachache, au haina saini ya kidijitali ya aliyeitengeneza.

Lipo pia onyo la tatu, ambalo halihusu faili bali njia linamopita. Kuanzia mwaka 2020, Chrome ilianza kuzuia hatua kwa hatua mafaili yanayopakuliwa kwa njia isiyo salama ya HTTP kutoka katika kurasa zinazotumia HTTPS. Faili linalopita njia hiyo linaweza kusomwa au kubadilishwa kabla ya kumfikia mlengwa, hata kama lilitoka katika taasisi halali. Dawa ya onyo hili ni taasisi husika kurekebisha tovuti yake. Mwananchi hapaswi kulegeza ulinzi wake kwa sababu hiyo.

Hatari ya kupuuza hatua hizi si ya kufikirika. Mwezi Mei mwaka 2000, kirusi cha ILOVEYOU kilichoanzia Ufilipino kilisambaa duniani kupitia kiambatisho cha barua pepe kilichoitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Kwa kuwa Windows ilificha herufi za mwisho za jina la faili, wengi waliona TXT pekee wakadhani ni barua ya kawaida, kumbe ilikuwa programu. Hila hiyo ingali hai: faili lenye jina linaloishia na "pdf.exe" si waraka, bali ni programu iliyovikwa joho la waraka.

Hivyo, anayekutana na onyo anashauriwa kwanza kusoma maelezo yote kabla ya kubofya, kisha ajiulize iwapo ni yeye aliyeliomba faili hilo. Faili lililojipakua lenyewe, au lililotumwa na mtu asiyejulikana, lifutwe.

Pili, akague anwani ya tovuti. Tovuti za Serikali ya Tanzania hutumia anwani zinazoishia na .go.tz kabla ya alama ya mkwaju wa kwanza unaofuata jina la tovuti. Iwapo "go.tz" inaonekana katikati ya jina, kisha inafuatiwa na nukta na jina jingine, hiyo si tovuti ya Serikali. Palipo na shaka, apige simu katika taasisi husika kwa namba anayoifahamu, si ile iliyoandikwa katika ujumbe uliomletea kiungo.

Tatu, iwapo amejiridhisha kuwa faili la kutiliwa shaka ni halali, aliruhusu faili hilo moja tu. Katika Chrome na Edge, kubonyeza Ctrl na J kwa pamoja hufungua orodha ya mafaili yaliyopakuliwa, ambamo faili lililozuiwa linaweza kuhifadhiwa au kufutwa. Baada ya kulihifadhi, lichunguzwe kwa programu ya kuzuia virusi kabla ya kufunguliwa. Mipangilio ya usalama ya kivinjari ibaki kama ilivyo.

Iwapo faili baya limekwisha kufunguliwa, kompyuta iondolewe mara moja kwenye mtandao, ofisa wa TEHAMA ajulishwe, na nywila zibadilishwe kwa kutumia kifaa kingine. Kuficha tukio kwa hofu ya kulaumiwa huwapa wahalifu muda zaidi.

Kwa mtumishi wa umma, jambo hili ni zito zaidi, kwa kuwa kompyuta ya ofisi huhifadhi taarifa za watu wengine. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazitaka taasisi zinazokusanya taarifa hizo kuzilinda. Mgonjwa, mwanafunzi au mstaafu ambaye jalada lake limo katika kompyuta hiyo hakuulizwa iwapo onyo lipuuzwe. Dakika mbili za kulisoma ni haki yake.