Watafiti chipukizi wa leza na mzigo wa nauli

Mwanafunzi anapopata habari kwamba utafiti wake kuhusu leza umekubaliwa katika kongamano la kimataifa, furaha yake aghalabu huwa ya muda mfupi. Barua aliyotumiwa haina tiketi ya ndege. Ina makataa ya kulipa ada ya usajili.

Ndiyo hali inayowakabili wengi wanaoalikwa CLEO, kongamano kubwa la wataalamu wa leza ambalo huandaliwa nchini Marekani kila mwaka. Miongoni mwa waandalizi wake ni Optica, chama cha wanasayansi wa mwanga kilichoasisiwa mwaka wa 1916. Wanafunzi hutozwa ada nafuu, na baadhi yao hupata ruzuku ya usafiri, mathalani ile iliyopewa jina la Milton Chang, inayowalenga wanafunzi wanaokwenda kuwasilisha kazi zao.

Lakini ruzuku za aina hii mara nyingi huwa ni sehemu tu ya gharama. Kiasi kinachomtosha anayetoka jimbo jirani hakimfikishi popote anayeabiri ndege Nairobi au Dakar. Isitoshe, misaada mingi hulipwa baada ya safari. Msafiri hutakiwa anunue tiketi, alipie hoteli, atunze risiti, kisha arejeshewe pesa zake akisharudi. Kwa mwanafunzi asiye na mshahara, huko ni kumtaka awe na fedha ndipo asaidiwe fedha! Halafu kuna viza, ambayo ada yake hairejeshwi hata ombi likikataliwa.

Utaratibu tofauti upo Trieste, Italia, katika kituo cha kimataifa cha fizikia, ICTP, kilichoanzishwa mwaka wa 1964 na Abdus Salam, mwanafizikia kutoka Pakistan. Kila mwaka kituo hicho huandaa mafunzo ya sayansi ya mwanga na leza. Washiriki hawatozwi ada, na baadhi ya wanaotoka mataifa yanayoendelea hugharamiwa nauli na malazi. Nafasi ni chache, ila angalau umbali wa anakotoka mtu huzingatiwa.

Huenda msomaji akauliza: kwa nini asisome tu makala za wenzake kwenye intaneti? Makala huonyesha jaribio lililofaulu. Namna kioo kilivyopangwa, au sababu ya mwale kuyumba kila jioni, hayo huelezwa mbele ya bango, ana kwa ana. Hapo ndipo chipukizi hukutana na profesa atakayemfungulia maabara yake.

Na wanafunzi si wasikilizaji tu. Donna Strickland alikuwa mwanafunzi wa uzamifu katika Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, alipochapisha pamoja na Gérard Mourou, mwaka wa 1985, mbinu ya kukuza nguvu ya mipigo mifupi mno ya leza. Mbinu hiyo sasa hutumika katika upasuaji wa macho, na iliwapa wawili hao Tuzo ya Nobel mwaka wa 2018.

Kwa anayejiandaa sasa, barua ya mwaliko wa viza iombwe siku ile ile kazi inapokubaliwa, kwani miadi ya ubalozi huweza kuchukua miezi. Pia awaulize waandalizi mapema, kwa maandishi, iwapo wanaweza kumnunulia tiketi wenyewe. Wapo wanaokubali, ingawa hawalitangazi.