Titi jipya linaishi kwa damu: muulize daktari mapema

Ukisikia mwanamke aliyekatwa titi kwa sababu ya saratani anataka kuundiwa jingine, unawaza nini? Wengi wetu tunawaza saizi, umbo, na kama sidiria itakaa vizuri. Shosti wangu mmoja alipokuwa anajiandaa, hayo ndiyo maswali aliyokuwa anaulizwa na kila mtu. Daktari wake yeye alianza kwingine kabisa: damu itatoka wapi?

Na hapo ndipo penyewe. Nyama na ngozi ikihamishiwa kifuani ni kama mche uliong'olewa: usipopata maji, unakauka.

Mshipa nyuma ya mbavu

Weka kidole pembeni kidogo ya mfupa wa katikati ya kifua. Sentimita 1 hadi 2 kutoka ukingo wa mfupa huo, nyuma ya gegedu za mbavu, umepita mshipa mkubwa unaoteremka kutoka chini ya mtulinga. Huo peke yake hulilisha titi kama asilimia 60 ya damu yake. Sehemu iliyobaki inatoka kwenye mishipa ya upande wa kwapa na ya katikati ya mbavu.

Utamu wa habari ni huu: mshipa huo haukomei kifuani. Tawi lake linashuka kwenye msuli wa tumbo na kukutana, karibu na kitovu, na mshipa unaopanda kutoka kinenani. Ndiyo maana mwaka 1982 Carl Hartrampf na wenzake wa Marekani waliweza kueleza namna ya kupandisha ngozi na mafuta ya tumbo hadi kifuani, yakiwa bado yananing'inia kwenye msuli na mshipa wake.

Siku hizi wapo wanaouacha msuli mahali pake. Wanakata mshipa wa chini na kuushona kwenye ule wa nyuma ya mbavu, wakitumia darubini na uzi mwembamba kuliko unywele.

Mgongo nao umo. Iginio Tansini wa Italia aliandika mwaka 1906 kuhusu kutumia msuli mpana wa mgongo, ambao damu yake inapitia kwapani.

Yaseme yote

Kwa hiyo, dada, usimfiche daktari kitu. Kama ulitolewa tezi za kwapani, mshipa wa mgongo unaweza kuwa umeguswa. Mionzi huharibu mishipa midogo na kukaza ngozi. Ukishapunguzwa tumbo kwa ajili ya urembo, mlango wa tumboni kwa kawaida umefungwa. Kovu la kujifungua kwa upasuaji mara nyingi halizuii, lakini litaje. Sigara je? Inabana mishipa, acha wiki kadhaa kabla ya upasuaji.

Kama hujakatwa bado, uliza mapema, ili madaktari wa saratani na wa kuunda titi wapange pamoja. Kama ulishakatwa miaka iliyopita, usikate tamaa. Inawezekana hata baadaye.

Na baba watoto?

Jamani, hili tulizungumze. Siku za mwanzo wauguzi huliangalia titi jipya kila mara: rangi yake, joto lake. Likibadilika ghafla, mgonjwa anaweza kurudishwa chumba cha upasuaji mara moja. Damu ikishakubali, titi linakuwa na joto la mwili wako mwenyewe.

Ila mishipa ya fahamu ni habari nyingine. Ngozi inaweza kubaki na ganzi, kwa hiyo chupa ya maji moto inaweza kukuunguza usijue. Na mwenzio akikugusa ukanyamaza, asidhani umemchoka. Mwambie wapi unasikia na wapi husikii, na muende wote kwa daktari mkasikie pamoja.

Kazi kwenu!