Pilipili ya Kupuliza Haipigani, Inakupa Nafasi ya Kukimbia

Kahawa inapoiva Karagwe na Kyerwa, fedha taslimu hutembea mifukoni mwa watu. Mkulima anatoka kulipwa mauzo yake, mchuuzi anarudi kutoka mnadani Omurushaka, mama lishe wa Nkwenda anafunga biashara giza limeshaingia na njia ya kwenda kwake inakatiza kwenye migomba. Watu wa namna hii ndio wanaouliza sana siku hizi juu ya vikopo vya pilipili ya kupuliza wanavyoviona vikitangazwa kwenye simu. Je, vinafaa? Vinafaa kwa jambo moja tu: kumzuia mtu kwa muda mfupi ili wewe uondoke. Anayevinunua akidhani amepata silaha ya kupigania anaweza kujiponza.

Ndani ya kopo mna mafuta mazito yaliyotolewa kwenye pilipili, yamechanganywa na kimiminika na kushindiliwa na gesi. Ukali wake ni wa kapsaisini, kemikali ileile iliyomo kwenye pilipili kichaa. Kwenye makopo mengi ya Marekani, kapsaisini na kemikali za jamii yake huwa kati ya asilimia 0.18 na 1.33 hivi. Ni kiasi kidogo, lakini kinatosha. Mwaka 1997 mwanasayansi David Julius na wenzake walionyesha sababu, na mwaka 2021 akapata Tuzo ya Nobel ya tiba pamoja na Ardem Patapoutian. Kapsaisini hunasa kwenye kipokezi cha neva ambacho kwa kawaida hushtuka joto likifika nyuzi 43 hivi. Ubongo unapata taarifa kwamba uso unaungua, ilhali hakuna moto. Kipokezi cha ndege hakishtuliwi na kapsaisini, ndiyo maana ndege hula pilipili kichaa bila shida, wakaenda kuangusha mbegu nyuma ya nyumba, nawe ukaona mche umeota mahali usipopanda.

Mtu akipuliziwa usoni, kope hufunga zenyewe. Machozi na kamasi hutoka, kikohozi kinambana, ngozi inawaka. Makali hudumu nusu saa au zaidi, kisha hupungua polepole. Hayo ni kwa wengi, si kwa wote. Aliyelewa gongo, au aliyepandwa na hasira mpaka haoni mbele, anaweza kuendelea kukufuata. Hata aliyefumba macho bado ana mikono, na kama alishika panga, panga bado analo. Kwa hiyo usisimame kutazama matokeo. Puliza, ruka pembeni, kimbia kuelekea penye watu huku ukipiga yowe.

Makopo mengi madogo hufika mita 2 hadi 3. Akishakukumbatia umechelewa, na ukipuliza akiwa mbali unapoteza dawa. Upepo nao una neno lake, hasa kwenye migongo ya vilima kama Kayanga: ukivuma kuelekea kwako, pilipili inakurudia wewe na mtoto uliyembeba mgongoni. Kopo linalotoa mchirizi mwembamba au jeli husumbuliwa kidogo na upepo, ila linahitaji shabaha. Linalotoa ukungu halihitaji shabaha kubwa, lakini ukungu hupeperuka. Juu ya bodaboda usithubutu. Ukimpulizia dereva pikipiki ikiwa kwenye mwendo, mtaanguka wote wawili.

Ndani ya chombo kilichofungwa hatari ni kubwa zaidi, na mfano upo kwa majirani zetu. Aprili 28, 2011, mjini Kampala, maofisa wa usalama walivunja vioo vya gari la Dk. Kizza Besigye, kiongozi wa upinzani Uganda, wakampulizia pilipili kwa wingi akiwa ndani. Picha zilienea duniani kote. Baadaye alipelekwa Nairobi kutibiwa. Pilipili ikipulizwa kwa karibu, kwa wingi, mahali pasipo na hewa, haiwi tena kitu cha kuwasha na kupita. Basi fikiria Hiace iliyojaa abiria, mmoja wao ana pumu, na mtu anabonyeza kopo kwa sababu ya ugomvi wa nauli.

Sheria inaruhusu kujitetea. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, kuanzia kifungu cha 18, inampa mtu haki ya kujilinda na kumlinda mwingine, ila kwa nguvu ya kiasi inayohitajika kwa ulinzi huo. Kumpulizia anayekuvamia ni jambo moja. Kumvizia mdeni wako, au kumfuata mlevi aliyekutukana akaenda zake, ni shambulio, na mshtakiwa utakuwa wewe. Kuhusu kumiliki kopo, kuuzwa mtandaoni si kibali: pita kwanza kituo cha polisi cha wilaya uulize. Usivuke nalo daraja la Murongo kuingia Uganda kwa mazoea, maana upande wa pili kuna sheria nyingine. Ndugu walioko Uingereza wajue kwamba huko, chini ya sheria ya silaha ya 1968, kuwa nalo mfukoni tu ni kosa.

Wapo wanaotaka kujitengenezea kwa kusaga pilipili na kubeba unga. Siwashauri hata kidogo. Chembe kavu hukwaruza jicho, upepo huzirusha popote, na mkono uliozishika ndio utakaojifuta nao jasho.

Ukinunua kopo, soma tarehe ya mwisho, kwa sababu gesi huvuja taratibu na kopo la zamani hutema matone tu. Usiliweke karibu na jiko wala kwenye gari lililoanikwa juani. Nenda uwanja wa wazi, upepo ukiwa mgongoni, ujaribu mbonyezo mmoja mfupi ili kidole kijue kitasa cha usalama kinafunguka vipi. Na unapopita mahali pa mashaka lishike mkononi. Likiwa chini ya kanga ndani ya kikapu, halipo.

Pilipili ikikurudia, toka uende penye hewa, usijikune, pepesa macho, yaoshe kwa maji mengi safi kwa robo saa au zaidi. Vua nguo zilizopata pilipili, osha ngozi kwa sabuni, usipake mafuta kwa kuwa yanaisambaza. Maziwa yanasifiwa sana, lakini jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2008, kwa watu 49 waliojitolea, halikuona yakishinda maji ya kawaida. Kilichotuliza zaidi ni muda. Mwenye pumu, mtoto, au mtu ambaye jicho halijatulia baada ya saa moja, apelekwe hospitali bila kusubiri asubuhi.

Na ukishalitumia kwa mvamizi, piga 112 au nenda kituoni siku hiyohiyo, ukiwa na kopo lenyewe. Kama aliyekuvamia ni mtu wa nyumbani, omba kuonana na Dawati la Jinsia na Watoto.